Maji Niliyoyapima Mwaloni

Nimemkosea dada yangu, na sitaki mtu anitetee.

Siku hiyo Nyamizi alikuwa kwenye mtumbwi, anachota sato waliokufa kwenye vizimba vyake vya kufugia samaki ziwani. Matumbo meupe juu, kizimba baada ya kizimba! Nikasema, "Pole, dada." Akanitazama. "Si wewe unayepima joto la maji? Ulipima nini?"

Jamani! Nilikosa pa kuweka uso.

Mimi niliishia darasa la saba tu, naishi upande wa Butimba. Ulikuja mradi wa kufuatilia joto la ziwa kwa satelaiti. Mtaalamu wao alitueleza vizuri: satelaiti za zamani zimechoka, zimekuja mpya, na kila moja inasoma kivyake. Ili waunganishe rekodi zote wajue ziwa limepanda joto kiasi gani miaka yote hii, lazima mtu apime maji yenyewe, katikati ya ghuba, mchana. Mtu huyo nikawa mimi.

Msimamizi wangu, Masalu, akawa anauza petroli ya boti tuliyopewa na mradi ya kunifikisha katikati ya ghuba. "Kaka, chovya kipimajoto hapahapa mwaloni asubuhi, ukanywe chai. Ziwa haliugui homa hilo!"

Nikacheka. Nikachovya. Maji ya pembeni asubuhi yamepoa, nani hajui? Nilijua! Masalu akasaini.

Satelaiti mpya ikaonyesha ghuba yetu imepata joto kupita kawaida. Wataalamu wakalinganisha na vipimo vyangu, wakaona satelaiti ndiyo inazidisha, wakashusha namba zake. Onyo kwa wafugaji wa samaki halikutoka. Lingetoka, Nyamizi angevuna mapema kabla joto halijaua samaki, angeokoa hata nusu. Mtaji wake wote ulikuwa mle, na mimi, kaka yake wa tumbo moja, nakunywa chai!

Juzi mwanawe aliniamkia, "Shikamoo, mjomba." Kabla sijaitikia, mama yake akamwita ndani.

Nimekwenda mradini nikasema yote. Wakaniambia vipimo vile vimeshaungwa na rekodi za miaka yote. Hawavitoi kwa mdomo wangu peke yangu, mpaka aliyesaini naye akiri. Nikampigia Masalu. "Samaki wamekufa huko, unanipigia mimi? Mimi ni daktari wa samaki?"

Ninyi mnaopimia watu chochote, nendeni mkapime pale mlipotumwa! Msinione mjinga, mkarudia yangu.

Na wewe Masalu, najua uko Buhongwa na najua utasoma hapa. Uongo wetu bado umo kwenye rekodi za ziwa, na vizimba vya watu wengine bado vimo majini. Nenda mradini, kisha uje umwangalie Nyamizi usoni umwambie: maji yale tuliyapima wapi?