Nguzo ya Mlango wa Nyuma

Nayaandika haya kama nilivyokuwa nikiandika kazi zangu za gereji: kwanza nilichokiona, kisha nilichokipima. Usiponiamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilikataa kuamini kwa wiki tatu, na ukaidi huo nusura umtoe mtu roho.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi wa bodi za magari Malindi. Shule niliacha mapema. Ufundi nilijifunza kwa vitabu vya Kiingereza, kamusi pembeni. Ndiyo maana Bi Rukia aliniita mimi. Baba yake alimwachia gari la fahari la Kiingereza ambalo bodi yake haikutoka kiwandani: mafundi waliunda fremu ya mbao kwa mikono, kisha wakaivika bati la alumini. Bi Rukia alitolewa kwao ndani ya gari hilo siku ya harusi yake, na binti zake wote baada yake, kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Mchwa walikuwa wameila nguzo ya mlango upande huohuo. Mtu mmoja mwenye baiskeli akaniuzia ubao wa kale, mgumu kama jiwe, umepauka kwa jua, umenakshiwa pembetatu na maua ya duara. Ncha ya juu ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia kati ya milango ya nakshi. Nikajua ni fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa. Wewe ungefikiri nini? Nikaupima mara tatu, nikaupiga randa nusu inchi kwenye bega la kushoto ili uingie, nikaufunika kwa bati. Maranda yake nilichemshia chai.

Tangu hapo, kila gari lilipopita kona moja ya njia ya Kakuyuni, likielekea shambani kwa Bi Rukia, mlango ule ulifunguka wenyewe. Mara ya tatu, mjukuu wake Zuhura alining'inia nje, akaokolewa kwa kushikwa buibui. Harusi yake ilikuwa Alhamisi iliyofuata.

"Fundi," Bi Rukia akaniambia, "umetutilia kitasa au pambo?"

"Kitasa kizima, Bi Rukia. Labda dereva wako..."

"Dereva wangu ana miaka ishirini na gari hili. Wewe huna hata mwezi. Alhamisi mjukuu wangu atakaa hapo."

Bado nilimshuku dereva. Niliona anataka nifukuzwe, kazi apewe nduguye. Basi Jumapili nikalichukua gari peke yangu, saa sita mchana, na ule mlango nikaufunga kwa kamba, mafundo mawili.

Karibu na kona ile mzee akanyoosha mkono. Alijifunika shuka kichwani hadi usoni. Bega lake la kushoto lilikuwa wazi, nalo limeshuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nifikishe kwangu, hapo mbele tu."

"Mlango huo nimeufunga kamba, zunguka..."

Alikuwa ameshakaa. Kushoto. Mafundo yangu yalikuwa vilevile. Nikajiambia ameingilia kulia nisimwone. Niamini, akili ikiogopa hushika hata unyasi.

"Gari la wakubwa hili," akasema. "Ila humu mna joto, mwanangu."

"Madirisha yote yako wazi, mzee."

"Ya kwako, ndiyo."

Akapapasa nguzo ya mlango. "Ulipima mara ngapi kabla ya kukata?"

Nikapunguza mwendo. "Mara tatu."

"Na uliuliza mara ngapi?"

Tulikuwa tumefika konani. Kamba ikakatika, mlango ukafunguka. Nikafunga breki, nikageuka. Kiti kitupu. Juu ya ngozi palikuwa na maranda, yamepauka upande mmoja. Na maranda yale, nimeshakwambia, niliyachoma.

Hatua chache kutoka barabarani palikuwa na boma la Wagiriama. Nguzo tatu za mbao zilisimama safu moja, kila moja na kichwa cha duara juu, zimenakshiwa pembetatu na maua ya duara. Mwisho wa safu palikuwa na shimo. Mama mmoja alikuwa akipeta mahindi.

"Hizo ni nini, mama?"

"Vigango. Wazee wetu waliokufa ndio hao wamesimama. Cha baba mkwe kimeibwa. Twadhani kimeuzwa kwa watalii." Akaacha kupeta. "Kwani wewe umekiona?"

Ningesema hapana, nani angejua? Harusi ilikuwa siku nne mbele, na bila nguzo ile gari halitoki.

"Ninacho mimi," nikasema.

Bi Rukia alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo Zuhura angeegemea mzee wa watu. Kitoe leo."

Alhamisi Zuhura alitoka kwao kwa miguu, dufu mbele. Majirani wakasema nyumba ile imefilisika. Bi Rukia alitembea ubavuni mwa mjukuu wake.

Kigango nilikirudisha mwenyewe, na maranda ndani ya mkebe. Wenyewe walichinja, wakakisimamisha upya. Yule mama alipitisha kidole kwenye bega nililolipiga randa.

Mwaka uliofuata nilikwenda kushona koti. Fundi cherehani akanipima, akarudia, akakunja uso.

"Bega lako la kushoto limeshuka, kaka. Uliumia?"

"Limeshuka kiasi gani?"

"Nusu inchi."

Halijapanda hadi leo. Basi nawe ukiletewa mti wa kale, usikimbilie futi. Uliza kwanza ulikuwa umesimama wapi.