Mawe ya Misri Yaliyokuwa Ibra

Nilitoka Maskati kwa sababu ya simu ya Ami Hemed, binamu ya baba yangu. Kaka yake, aliyesoma Misri ujanani na kuokota jangwani huko visu na mashoka ya mawe ya watu wa kale, alikuwa amefariki Ibra. Warithi walikuwa wameshagawana, na mawe yalikuwa yanakwenda Sur kwa Ami Hemed. "Njoo uyapige picha," aliniambia, "mjane asibaki mikono mitupu." Nikamwona muungwana. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Baada ya Bidbid, barabara ilipita katikati ya milima mikavu isiyo na mti. Mimi nilifikiria taa tu. Jiwe la namna hiyo ukilimulika kutoka ubavuni, kila pigo la aliyelichonga huonekana. Nilikuwa na kiherehere cha bwana harusi.

Ibra nilifika adhuhuri, nikamkuta Ami Hemed keshatangulia kutoka Sur. Sikuwa nimeikanyaga kwa miaka mingi. Mjane, Bi Zuwena, alikuwa kwenye eda, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Tafadhal, kunywa kahawa kwanza."

Nikatandika kitambaa cheusi, nikafunga madirisha, nikawasha taa moja. Mawe yalipendeza, wallahi! Makali yake membamba yalipitisha mwanga, rangi ya asali. Nilipomaliza nikajigamba: "Bi, kwenye picha utaona hata mikwaruzo."



"Mwanangu, macho yangu yamezimika kabla marehemu hajafariki. Mawe yake nilikuwa nayashika. Akiniwekea mkononi, akinihadithia wapi kaliokota."

Nilimgeukia Ami Hemed. Alikuwa akiyafunga mawe kwa magazeti, wala hakushtuka. Alijua.

"Ami, mwachie moja."

"Khalas, yameshagawiwa. Fungu lake mitende. Na picha si keshapata?"

Bi Zuwena akaomba alishike lile shoka kubwa. Nikalipitisha chini ya pazia. Tukangoja, Ami Hemed mkono kaunyoosha. Liliporudi lilikuwa na joto la viganja vyake. Nilitaka kulia, nikajifanya nakunja waya wa taa.

Njia nzima ya kurudi Maskati sikufungua redio. Picha zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na mpaka leo zimo ndani ya bahasha, sijui nimpelekee nani. Nilichojifunza nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine: siku hizi, kabla sijafungua mfuko wa kamera, nauliza kwanza nani atakayezitazama.