Ndevu za Dominique

Mimi mzee wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale sikusoma sana, lakini hadithi naishika neno kwa neno. Mjukuu wangu alinisomea moja kwenye simu: mafundi cherehani wawili, Claude na Dominique, wananyang'anyana wateja, wanatukanana, kumbe wanapendana. Utamu ni huo, adui anakuchunguza kuliko rafiki. Dominique nikamudhania mwanamuke, maana dada yangu anaitwa hivyo.

Nikawasimulia wake za maaskari wanaonunua maharagwe yangu nyumbani kwao Mbarara. "Claude akamupapasa Dominique ndevu..." Ndipo nami nikalisikia vizuri hilo neno ndevu.

"Mzee, Dominique ni mwanaume?" akauliza mke wa afande.

Hapa Uganda hiyo ni jela. Lakini hadithi siachi katikati.

"Ndiyo, mama."

Akachungulia mlangoni. "Maliza haraka, bwana yangu anakuja."