Mama wa Ukutani

Nyumba yetu ya Kilolo ilikuwa ya udongo, na baridi ya kule haina adabu. Ili kuziba nyufa, baba alibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga, kama majirani wote. Ila yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo aliletewa bure gazeti la picha kutoka nchi moja ya mbali ya kikomunisti, iliyokuwa vitani. Lilichapwa kwa Kiswahili ili sisi wageni tuvione vita vyao. Na vita gani hivyo! Wanajeshi walicheka, mpunga ulistawi, na hakuna aliyekufa isipokuwa adui.

Juu ya kitanda cha mama palikuwa na picha ya mwanamke akimuaga mwanawe mwanajeshi, anatabasamu. Baba alimpenda kuliko picha zote. Kila mgeni alisomewa maneno yaliyochapwa juu ya picha hiyo: mama huyu hana chozi, amelitolea taifa mwanawe kwa furaha.

Vita vya Uganda vilipokuja, kaka yangu alijiandikisha. Asubuhi ya kuondoka mama alianza kulia. Baba akamwonyesha ukuta.

"Mwenzako anacheka. Usimtie mtoto mkosi."

Mama akafuta macho, akatabasamu. Kaka alimtazama kidogo, kama anayengoja kuambiwa neno, kisha akapanda lori. Hakurudi, wala hatukuletewa mwili wa kuzika.

Baba nilimsamehe kabla hajafa. Gazeti lile nalichukia mpaka leo.

Sasa mama naishi naye Kihesa. Kinachomla si kifo cha kaka peke yake. Ni kwamba kaka aliondoka akidhani mama yake amefurahi.

Mwaka huu tulikwenda kubomoa ile nyumba, maana ilishainama. Mama alitaka nimbandulie yule mwanamke. Ukurasa mwingine, uliobandikwa upande wa chini, ulikuwa umemfunika kuanzia kifuani, na nilipoutoa, mikono yake ikatokea. Alikuwa ameng'ang'ania mkono wa shati la mwanawe kwa mikono yote miwili, kitambaa kimejikunja ngumini. Mdomo ulicheka, lakini mikono ilikuwa imekataa katakata. Waliopiga picha hawakuona, au waliona wakadhani sisi hatutaona.

Mama alivaa miwani, akaitazama ile mikono kwa muda mrefu. Kisha akamsalimia kwa Kihehe, kama mtu aliyekutana na jirani njiani.

"Kamwene, mama," alisema. "Wewe angalau ulimshika."