Kigoda Kwenye Harambee ya Choo

Tulihitaji choo. Hicho tu ndicho kilichonirudisha Lindi, mtaa wetu wa mabanda, baada ya wiki nilizolala kwa dada yangu Kawangware huku nyumba zetu zikivunjwa na kuporwa kwa sababu ya vurugu za kura. Hata choo cha ploti yetu kilichomwa. Mtu anachoma choo! Mpaka leo sielewi.

Mfadhili tuliyempata alikubali kujenga kingine kwa sharti moja: kwanza wakaazi wa kila kabila wachange pamoja, aone kwa macho yake. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, nikaitisha harambee. Asiye na pesa alileta kitu cha kupigwa mnada. Mmoja akaja na jogoo, mwingine na mkungu wa ndizi. Kisha jirani yangu, mama tuliyetenganishwa naye na ukuta wa mabati tu, akapita mbele na kigoda.

Kigoda kilikuwa changu, kilichoporwa nyumbani kwangu nilipokimbia! Marehemu mume wangu alikichonga kwetu Machakos, na mguu uliopasuka aliufunga waya kwa mkono wake mwenyewe. Na huyu ndiye tuliyekuwa tukiombana naye chumvi. Alikiweka mezani bila kunitazama, watu wakampigia makofi.

"Chairlady, anza wewe!" mpiga mnada akanichokoza.

Ningepiga kelele za mwizi, pangezuka tena vita vya makabila, na mfadhili alikuwa ameketi pale mbele. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali nimeisikia tangu utotoni, sikujua inauma hivi. Nikataja bei. Mtu akaongeza. Nikapandisha tena kwa hasira, mpaka wengine wakaniachia. Nikakikumbatia.

Kwa mshtuko nilisahau desturi yetu: anayenunua kwenye harambee hurudisha, kitu kiuzwe tena, mchango ukue.

"Rudisha! Usikuwe mchoyo, mathe, rudisha tuuze tena!"

Aliyeanza kupaza sauti alikuwa jirani yangu. Wote wakaitikia wakicheka, na mfadhili akacheka nao.

Nikakirudisha. Kikanunuliwa, kikarudishwa, kikanunuliwa tena, mwisho kikabebwa na mtu nisiyemjua.

Choo kilijengwa. Asubuhi moja tulikutana kwenye foleni yake, mimi na jirani yangu.

"Sasa, mathe," alinisalimia.

"Poa," nikamjibu, kwa sababu nyuma yetu watu walikuwa wakisikiliza.