Bendera za Waswidi

Sijawahi kufika Uswidi na sina hamu ya kufika. Lakini niulize bendera za kampuni zake za meli, nitakutajia moja moja bila kukosea. Sisemi bendera ya nchi, ile ya buluu yenye msalaba wa manjano. Hiyo kila mtu anaijua, na meli huipeperusha kule tezi, nyuma ya chombo. Nasema bendera ya mwenye meli, inayopandishwa mlingotini ili bandari nzima ijue chombo hiki ni cha nani. Nyeupe yenye nyota ya buluu. Ya manjano yenye duara jeusi. Nyekundu yenye herufi mbili nyeupe zilizokumbatiana. Nazijua kama ninavyovijua vidonge vya presha vya mume wangu, na wallahi nazichukia.

Mume wangu alikuwa baharia wa meli za Kiswidi zaidi ya miaka ishirini, na alikuwa mvivu wa kuandika, Mungu anisamehe. Barua yake mistari minne: mimi mzima, baridi kali, salimia wazee, nitarudi. Akihama kampuni hanielezi. Anachora tu bendera mpya pembeni mwa karatasi na kuipaka rangi. Mimi kule Tanga nikichana bahasha, macho yanakwenda kwenye bendera kwanza. Nyota ya buluu ilikuwa ya safari fupi, miezi sita kesharudi. Duara jeusi nililiogopa, maana hilo lilikuwa mwaka, mara nyingine mwaka na nusu. Wanangu wawili wa kwanza niliwazaa yeye akiwa chini ya duara jeusi, na mama yangu ndiye aliyenishika mkono.

Sasa tunaishi Woodbridge, huku Marekani, kwa kuvutwa na binti yetu aliyetangulia kuja. Kampuni zile nyingi zilishakufa, nyingine zikauzwa, nyingine zikamezwa, na mimi bado nazitumikia. Mume wangu ana maradhi ya kusahau. Anasahau kama amekula, anasahau choo kiko wapi, wajukuu amewasahau wote kwa mpigo. Bendera hajasahau hata moja. Amejaza madaftari manne kwa penseli za rangi tulizowanunulia wajukuu.

Mimi nafanya kazi Annandale, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nawaogesha wazee wa watu, nawalisha, nawabadilisha, kisha naingia kwenye foleni ya barabara kuu, nafika nyumbani naanza upya na wangu. Nimechoka. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenichoka. Watoto wanasema, Mama, mlete Baba huko huko kazini kwako, utakuwa unamwona kila siku. Wanasema kwa Kiingereza, na wanasema kwa mapenzi, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nyumba ile naijua kwa ndani. Wafanyakazi si wabaya, tunajitahidi, ila naona wazee walivyopangwa mbele ya televisheni, kila mmoja akingoja zamu yake ya kupelekwa chooni. Basi nikawaambia: siku baba yenu atakaposhindwa kunijua mimi ni nani, nitasaini fomu zenu. Kabla ya hapo, ng'o! Binti yangu akalishika neno hilo. Kila siku jioni ananipigia simu kuuliza: leo amekujua?

Mwezi uliopita tulikwenda kwa daktari Rockville. Daktari akamwonyesha mzee picha ya ngamia, mzee akasema ni punda mwenye jipu. Kisha akaambiwa achore saa. Mzee akainama, akachora duara zuri kweli, mkono hautetemeki. Nikaona ahaa, leo tumefaulu. Akalipaka duara lote jeusi, akalizungushia mstatili, akachukua penseli ya manjano mfukoni mwake. Daktari akauliza, nami nikatafsiri: hii ndiyo saa? Akaudhika. "Saa gani? Hamna macho? Hiyo ni kampuni!" Nikacheka peke yangu mle chumbani mpaka machozi. Daktari hakucheka, aliandika.

Lakini siku ile ilinifungua akili. Nikaanza kuzitumia zile bendera. Nikitoka kazini nakaa naye, nafungua daftari, namgusisha nyota ya buluu. Anaitaja meli, anautaja mzigo wa mbao, anamtaja nahodha aliyelala na mbwa kitandani. Kutoka kwa mbwa anafika kwenye kitambaa cha maua alichoninunulia bandarini, na kutoka kwenye kitambaa ananifikia mimi. "Si wewe huyu, mke wangu! Mbona umezeeka?" "Kwani wewe umeganda?" Tunacheka. Binti akipiga simu, nina la kusema.

Alhamisi iliyopita nilirudi saa kumi alasiri, miguu imevimba. Jirani yetu, mama wa Kikongo anayekaa na mzee mchana, alinipokea mlangoni. "Mama, papa amekatala kukula. Iko anachora tu madrapo yake tangu asubui." Nikamshukuru, akaenda kwake. Nikakaa kando ya mzee na yunifomu yangu ya kazi, nikafungua daftari kwenye nyota ya buluu.

Alikuja vizuri. Meli, mbao, nahodha, mbwa. Kitambaa nacho akakifikia.

"Ulimnunulia nani?" nikamuuliza.

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Tanga." Akanitazama kifuani, kwenye alama ya kazini kwetu, mraba wa kijani wenye mkono mweupe ndani. Akaukazia macho. "Na hiyo yako, dada, ni kampuni gani? Siijui."

Nikamwambia ni kampuni ya hapa.

"Wanawapa likizo?"

"Hawatupi."

Akatikisa kichwa, akanionea huruma kabisa. "Umechoka, dada yangu, naona. Nenda nyumbani. Mumeo atakuwa anakungoja."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumlalia begani. Nikagusa duara jeusi, nikagusa herufi mbili, nikarudia nyota. Zote alizijua. Zote zilimfikisha Tanga, kwa mwanamke kijana.

Simu ikalia. Nikaiacha ilie mpaka ikakaribia kukata, kisha nikapokea. Binti yangu akauliza lile swali lake.

"Amenijua," nikasema. "Ameniita mke wangu."

Akafurahi, akasema basi fomu zisubiri. Nikaweka simu mezani, nikaenda chumbani nikavua yunifomu, nikavaa dera langu, nikarudi kukaa karibu naye kwenye kochi. Akasogea kunipisha, kwa adabu sana, kama unavyompisha mgeni.