Baba Alipojiandikia Barua

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kwetu Shume, na hakuna mgeni aliyehamia pale bila kumpitia. Alikuwa na maswali matatu. Unatoka wapi? Umekuja kufanya nini? Utaondoka lini? Hilo la tatu lilimkosanisha na watu wengi. Aliwahi kumuuliza bibi harusi aliyeletwa kutoka Korogwe, shela bado kichwani, na mchungaji mpya ambaye hata mizigo alikuwa hajashusha. Akiridhika na majibu, aliandika barua ya utambulisho na kuigonga muhuri mpaka meza ikatikisika.

Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza la kwanza. Baba alizaliwa Burundi. Wazazi wake walikuja Shume kupasua mbao, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, na Kishambaa alikiongea vizuri kuliko sisi wanawe tuliozaliwa hapa.

Kisha likapita gari la matangazo: wahamiaji wote wasio na nyaraka wajiandikishe, wapewe kibali cha kuishi. Atakayepuuza atarudishwa kwao. Baba akazunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza wahusika, akiwagombeza kwa kuishi kiholela. Nilimvumilia mpaka siku ya mwisho ya kujiandikisha.

"Tate," nikamwambia baba, "na wewe je?"

"Mimi ni balozi."

"Wakikurudisha Burundi utafikia kwa nani?"

Alikwenda kuvaa koti.

Kwenye ofisi ya kijiji tulimkuta ofisa kijana mwenye adabu zake. Alimwamkia baba shikamoo, akafungua fomu.

"Mzee, uliingilia mpaka upi?"

"Mgongoni kwa mama."

Ofisa akapitisha kalamu kwenye orodha ya mipaka, mgongo wa bibi yangu hakuuona, akaandika kwenye "Nyinginezo". Kisha akaomba barua ya balozi.

"Balozi ni mimi," baba akasema.

Ofisa akaisoma fomu mbele na nyuma. "Basi jiandikie, mzee. Hapa wanataka barua tu."

Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Ilichukua karibu saa nzima, maana baba hakukubali kuruka hata swali moja. Nilimwona midomo ikicheza, anajiuliza na kujijibu, na lile la kwanza lilimchelewesha sana. Mwishowe akatusomea: "Namfahamu mwombaji tangu utoto wake. Ni mkaidi lakini hana madhara. Haondoki." Akagonga muhuri, meza ikatikisika. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kweli.

Kibali kilitoka, cha miaka miwili. Pamoja nacho alikuja mtendaji wa kijiji kuchukua muhuri. Alieleza kwa upole kwamba mwenye kibali ni mgeni, na mgeni hawezi kuwa balozi. Yaani alipokuwa hana ruhusa ya kuishi nchini aliruhusiwa kutuongoza, na sasa amepata ruhusa ya kuishi, uongozi basi. Nilipandisha hasira, nikamwambia mtendaji maneno ambayo mpaka leo siyajutii. Baba aliupangusa muhuri wino, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata akaja balozi mpya, jirani yetu, ambaye baba ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa ameagizwa aandike wageni wote wa eneo lake. Akaketi ukingoni mwa kiti, daftari mapajani.

"Unatoka wapi, mzee?"

"Burundi."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kunyonya," baba akasema, nasi tukacheka wote watatu.

Jirani akafunga daftari haraka. "Inatosha, mzee wangu."

"Haijatosha. Limebaki moja."

Jirani akaniangalia mimi, akaangalia sakafu. Baba alisubiri, uso mkavu, kama alivyomsubiri yule mchungaji.

"Utaondoka lini?" jirani akauliza.

Baba akatoa kibali mfukoni mwa koti, akakisogeza karibu na macho.

"Miaka miwili," akasema. "Andika."